Daftari la Jumamosi

Bibi yangu wa Ujiji aliifanya kazi hii kabla yangu, ila hakulipwa wala hakujua kwamba ina jina. Wazazi wangu walipoachana mimi nilibaki kwake, na kila baba alipokuja kuniona, bibi alitoa kigoda akakaa mlangoni na ungo wa mchele mapajani, akawa anachambua. Mchele wenyewe mara nyingi ulikuwa umeshachambuliwa tangu asubuhi. Baba akinong'ona, bibi alikohoa. Baba akianza kuuliza mama yuko wapi siku hizi na anakaa na nani, bibi alisema, "Muulize habari za shule." Basi baba ananiuliza habari za shule.

Miaka mingi baadaye nilijikuta San Diego, California, katika chumba chenye zulia la rangi na masanduku ya vitu vya kuchezea, nimekaa pembeni na daftari mapajani, nikimtazama baba mmoja na mtoto wake. Hapo ndipo nilipomkumbuka bibi na ule mchele.

Nieleze kwanza kazi yenyewe. Wazazi wakitengana, jaji anaweza kuamua kwamba mmoja wao asionane na mtoto isipokuwa mtu wa tatu awepo, asikie kila neno na aone kila kitendo. Sababu ni nyingi: kipigo nyumbani, pombe, dawa za kulevya, tishio la kumtorosha mtoto, au mzazi aliyepotea miaka kadhaa na sasa ni mgeni kwa mwanawe. Huyo mtu wa tatu anaweza kuwa ndugu au rafiki asiyelipwa. Anaweza pia kuwa mwangalizi wa kulipwa, nami nilikuwa wa aina hiyo. Sheria ya familia ya California, kifungu 3200.5, inataka mwangalizi wa kulipwa awe ametimiza miaka 21, apitie saa 24 za mafunzo, achukuliwe alama za vidole, asiwe amehukumiwa kwa kuendesha gari akiwa amelewa ndani ya miaka 5, na asiwe yeye mwenyewe amewahi kuamriwa kuonana na mtoto wake chini ya uangalizi. Akishuku kwamba mtoto anadhulumiwa, analazimika kisheria kuripoti. Sheria hiyo na kanuni za mahakama zinataka pia jambo ambalo ndilo lililonileta mimi hapa: mwangalizi awe anaijua lugha ya mzazi na ya mtoto, la sivyo awepo mkalimani asiye na upande, mwenye umri wa zaidi ya miaka 18. Yaani kaka mkubwa wa miaka 12 haruhusiwi kutafsiri, hata kama anakijua Kiingereza kama maji.

Mimi nilianza kama mkalimani. Siku moja wakili aliniita nikamsomee mteja wake ripoti kwa Kiswahili. Mteja alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mzaliwa wa Uvira, Kongo, aliyeishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu kabla ya kuletwa Marekani. Nyarugusu iko Kasulu, mkoani kwetu Kigoma. Imekuwepo tangu 1996, na watu wake tulikutana nao sokoni tangu nikiwa msichana. Nilipotamka neno la kwanza tu akatabasamu. "Dada, wewe ni mutu wa Kigoma."

Ripoti zilikuwa nne, za Jumamosi nne. Alikuwa na binti wa miaka 6. Kituo cha kwanza alichopelekwa hakikuwa na mtu anayejua Kiswahili, na kumsubiri mkalimani kungechukua wiki kadhaa, hivyo alikubali waonane kwa Kiingereza ili asikose kumwona mtoto. Nikamsomea: Mzazi alikaa kimya kwa takriban dakika 40. Mtoto alicheza peke yake na matofali ya plastiki. Mzazi hakumuuliza mtoto swali lolote. Saa 5:30 mtoto alisema neno ambalo si Kiingereza. Mwangalizi alimkumbusha mzazi kanuni ya lugha. Mzazi hakujibu.

Nilimaliza, nikangoja akasirike. Alikunja mikono, akaitazama meza.

"Ni kweli, dada. Nilinyamaza. Kiingereza kilikuwa kimeniishia."

Hakuna sentensi hata moja ya uongo katika karatasi zile. Yule mwangalizi hakumwonea. Tunafundishwa, na kanuni inasema wazi, kwamba kumbukumbu iwe na mambo matatu tu: kilichotokea, kilichoonekana, na maneno yenyewe ya wahusika. Maoni yako hayatakiwi, ushauri wako hautakiwi, hisia zako ubaki nazo nyumbani. Naiamini kanuni hii mpaka leo. Lakini siku ile nilimwona mwanamume anayesomewa ukweli mtupu kuhusu yeye mwenyewe, na ukweli huo unamwonyesha kama baba asiyemjali mtoto wake. Neno lile lisilo Kiingereza lilikuwa "baba". Mtoto alikuwa anamwita.

Nilitafsiri ziara zake mbili zilizofuata. Mkalimani ni bora kuliko ukimya, ila chumba kinakuwa na watu wengi mno. Mtoto anasema, "Baba, nilianguka shuleni," nami nageuka kumwambia mwangalizi kwa Kiingereza. Baba anasema, "Pole mama, uliumia wapi?" nami nageuka tena. Kufikia neno la tatu mtoto ananitazama mimi badala ya baba yake. Baada ya ziara ya pili nilijiandikisha kwenye yale mafunzo ya saa 24.

*

Kituo nilichofanyia kazi kilikuwa na milango miwili, na hilo halikuwa jambo dogo. Mzazi anayekuja kumwona mtoto alitakiwa kufika dakika 15 kabla na kuingia kwa mlango wa nyuma. Anayeishi na mtoto alifika baadaye kwa mlango wa mbele. Wakati wa kuondoka, mtoto na aliyemleta walitoka kwanza, na yule mwingine alibaki ndani mpaka gari lao lipotee. Wazazi wetu wengi waliuona utaratibu huu kama dharau. "Mimi ni mwizi nipite nyuma?" Nilichokuja kuelewa ni kwamba milango miwili humpa mtoto zawadi ambayo hajaipata siku nyingi: saa nzima asiyolazimika kuwatazama wazazi wake wawili kwa pamoja na kubahatisha nani atalipuka kwanza.

Mama wa yule binti nilikutana naye kwenye mlango wa mbele. Mwembamba, kitenge juu ya suruali ya kazi, anasema polepole. Tulipokaa kwa mahojiano ya mwanzo, kila mzazi peke yake, aliniambia jambo nililoliandika neno kwa neno: "Mimi sikatai amuone mtoto wake. Nakataa kuonana naye mimi." Alikuwa amepigwa mbele ya mtoto. Jaji alikuwa amempa amri ya ulinzi, ya kumkataza baba asimkaribie. California, mzazi akionekana alimfanyia mwenzake ukatili ndani ya miaka 5 iliyopita, sheria inaanza kwa kudhani kwamba hafai kupewa malezi, mpaka yeye mwenyewe aithibitishie mahakama vinginevyo. Baba huyu alikuwa ameshaanza darasa la wiki 52 la watu waliowapiga wenzao. Hilo sikuliona kwa macho yangu, kwa hiyo halikuingia kwenye daftari.

Niliamua jambo moja dogo tangu mwanzo. Wenzangu waliwaita wazazi kwa majina yao ya kwanza, kama ilivyo desturi ya huku. Mimi niliwaita Baba na Mama. Mwanamume mzima akiitwa jina lake tupu mbele ya mwanawe, na anayemwita ni mwanamke mwenye daftari, anapungukiwa na kitu ambacho saa mbili za ziara hazitoshi kukirudisha. Msimamizi wangu aliuliza kama huko si kuegemea upande. Nilimweleza kwamba naye mama wa mtoto nitamwita Mama, na mama wa mama yake akija nitamwita Bibi. Akakubali.

Jumamosi ya kwanza bila mkalimani, baba alikuja na chombo cha plastiki kilichofungwa kwa mpira. Chakula kiliruhusiwa mradi umetoa taarifa mapema, kwa ajili ya mizio. Alifungua: bugali, yaani ugali wetu, sombe, yaani kisamvu, na samaki wadogo wa kukaanga.

"Ndagala!" mtoto akasema.

Sisi Kigoma tunawaita dagaa. Ni samaki wale wale wa Tanganyika, ng'ambo hii jina hili, ng'ambo ile jina lile. Alikuwa amewanunua wakavu kwenye duka la vyakula vya Kiafrika. Mtoto alikula kwa mkono, akamlisha baba yake tonge, akaniuliza, "Anti, na wewe hauli?" Niliandika: Saa 4:20 mzazi na mtoto walikula pamoja. Mtoto alimlisha mzazi mara 3. Sikula, ingawa harufu ile ilinipeleka hadi soko la Mwanga, Kigoma.

*

Nitoke kidogo kwenye habari ya baba huyu.

Kulikuwa na mama mmoja Mtanzania ambaye binti yake alikuwa kwa familia ya malezi ya muda, kesi ya ustawi wa watoto, si ya talaka. Alipewa saa mbili kwa wiki. Jumamosi ya kwanza aliziona nywele za mtoto, akaketi akaanza kumsuka rasta nyembamba, nyembamba kweli, kama za harusi. Saa mbili zikaisha akiwa amefika nusu kichwa. Mtoto akaondoka amevaa kofia ya sweta, nusu kasukwa, nusu matimutimu, na mama akabaki chumbani na kitana mkononi kana kwamba amenyang'anywa kitu mdomoni. Nilitamani kumwongezea dakika. Sikuwa na mamlaka hayo. Jumamosi iliyofuata alifumua zote, akasuka twende kilioni, mistari minane, akamaliza saa 5:40. Dakika 20 zilizobaki alikaa tu na mtoto kifuani.

Nalisimulia hilo kwa sababu wazazi wengi huja na mapenzi ya mwezi mzima wakitaka kuyamwaga ndani ya saa mbili. Zawadi kumi, keki, simu ya video kwa bibi Morogoro, maswali hamsini. Mtoto anachoka. Waliofanikiwa walikuwa wale waliokuja na jambo moja linaloweza kuisha. Ziko pia kesi zenye tuhuma za unyanyasaji wa kingono, na huko kanuni inakataza hata kumchana mtoto nywele, kumpakata, kumshika mkono, kumpa zawadi au kumpiga picha. Nimekaa kwenye ziara za namna hiyo. Ni ngumu, na sina cha kuongeza zaidi ya kwamba naelewa kwa nini ziko hivyo.

Na wako wasiokuja. Kituo kiliweka mpaka wa dakika 15. Mzazi asipotokea, ziara imekufa. Najua mabasi ya Jumamosi, najua zamu za usiku ghalani, najua malipo ya uangalizi kwa saa yanavyomuumiza mtu anayefungasha maboksi. Wengine walizuiwa na aibu: "Siwezi kumwona mwanangu kama mfungwa." Lakini mimi ndiye niliyekaa na mtoto dakika hizo 15. Mvulana mmoja wa miaka 8 alihesabu magari meupe dirishani, kwa kuwa baba yake alikuwa na gari jeupe. Alifika 31. Kisha akaniambia baba yake labda amenunua jekundu. Niliandika idadi ya magari na maneno yake, na usiku ule sikulala.

*

Sasa nirudi kwa yule baba, na kosa langu.

Ilikuwa ziara ya sita au ya saba. Mtoto alitaka hadithi. Baba akaegemea ukuta, akaanza kwa ile sauti ya jioni ya watu wa ziwani. Hapo zamani, sungura alikuwa na mtoto mmoja aliyempenda kuliko macho yake. Usiku mmoja fisi akaja, akamchukua yule mtoto, akamficha katika nyumba yenye funguo nyingi. Sungura akalia, akazunguka. Wazee wa porini wakamwambia, utamwona mtoto wako kila Jumamosi, kwa dirishani.

Kila Jumamosi. Kalamu yangu ilisimama.

Nilisikia. Siwezi kusema sikusikia. Kanuni inakataza mzazi kumsema vibaya mwenzake mbele ya mtoto, inakataza kuzungumzia kesi, na sikuwekwa pale nisubiri mpaka litajwe jina la mtu. Lakini nilijiambia: ni hadithi. Nilijiambia hawa wawili walikuwa bubu miezi miwili iliyopita, leo mtoto kalala mapajani mwa baba anasikiliza sungura na fisi kama sisi sote tulivyosikiliza, halafu mimi, mtu wa kwetu, ndiye nimkate? Nikaandika: Saa 5:15 mzazi alimsimulia mtoto hadithi ya sungura na fisi kwa Kiswahili. Mtoto alisikiliza kwa utulivu.

Kila neno lilikuwa kweli.

Wiki iliyofuata mama alifika mlango wa mbele akiwa na macho mazito. Alimtanguliza mtoto ndani, akabaki na mimi kizingitini. "Dada, juzi usiku nilikwenda kumfunika. Akavuta blanketi. Akasema, fisi hafuniki watoto." Akanyamaza. "Nani amemfundisha kuniita fisi?"

Nilipoingia chumbani miguu ilikuwa mizito. Sikuwa nimemaliza kukaa, mtoto akasema kwa furaha, kama anayetoa taarifa, "Baba, leo fisi amenileta na gari." Na baba akacheka. Akamvuta karibu, akauliza, "Na fisi anapika nini huko kwake?"

Hapo yako makosa mawili kwa mpigo, kumtukana mama na kumfanya mtoto mpelelezi wa nyumba ya mwenzake. Nikasema, "Baba, hadithi hiyo na maswali hayo tusiendelee nayo. Tuchague mchezo mwingine." Alinitazama kana kwamba nimemzaba kofi. Akasema ni hadithi tu. Nikarudia. Akamgeukia mtoto, akaendelea, safari hii kwa sauti ya chini, mdomo karibu na sikio. Nikafunga daftari, nikasema ziara imekwisha kwa leo. Ilikuwa saa 4:25. Mtoto alilia, na kilio kile kilinihusu mimi.

Kwenye mlango wa nyuma baba aliniambia, bila kelele, na afadhali angepiga kelele, "Dada, tumekula ndagala za ziwa moja. Mzungu hakuelewa, akaniandika vibaya. Wewe umeelewa, umeniandika vibaya zaidi."

Nilikwenda kwa msimamizi wangu siku ile ile, nikamwambia kuhusu sentensi yangu ya wiki iliyopita. Niliandika nyongeza, nikaiandika tarehe ya siku hiyo, nikaeleza hadithi yote kwa ukamilifu, pamoja na maneno "kila Jumamosi", na kwamba sikuingilia kati. Nikaandika maneno ya mama, maneno ya mtoto, maneno ya baba. Mazungumzo kati ya mwangalizi na wazazi hayana siri ya kisheria, hata yale ya kizingitini. Jaji akiyataka atayapata. Nakala ilikwenda kwa mawakili wa pande zote mbili. Nilionywa, na nilistahili. Yule mwangalizi wa kwanza aliandika ukweli usiotosha kwa sababu hakuijua lugha. Mimi niliandika ukweli usiotosha huku naijua, na aliyelipa ni mwanamke aliyekataliwa blanketi na mtoto wake.

Jumamosi mbili baba hakuja. Katika majuma hayo wazee wa kanisa lao walimpigia mama simu, wakapendekeza wayamalize nyumbani: mtoto aonwe kwa mzee mmoja, chakula kiwepo, hizi habari za kituo ziachwe. Walikuwa na nia njema, na mimi nimeona wazee wakituliza moto ambao mahakama ingeuchochea. Lakini palikuwa na amri ya ulinzi, na amri hiyo anaibadilisha jaji peke yake. Mama angekubali, baba akafika pale na polisi wakaitwa, ambaye angefungwa pingu ni baba, hata kama alikaribishwa kwa chai. Mama aliwajibu vizuri: waandamane na baba kwa wakili, waombe mahakamani. Mzee mmoja alifanya hivyo kweli, na akawa anamleta baba kituoni kwa gari lake kila wiki. Huo ndio usuluhishi uliohitajika.

*

Baba alirudi Jumamosi ya tatu, saa 3:38, mapema kuliko siku zote. Hakunisalimia kwa "dada". Alisema, "Habari ya asubuhi, mama," kwa adabu ya mbali. Nikaipokea.

Mtoto aliingia, akamkumbatia, akasema papo hapo, "Baba, maliza hadithi."

Sikuandika chochote. Nilingoja tu. Baba alinitazama, akatazama mikono yake.

"Hadithi ile iliisha," alisema. "Nitakuambia habari ya ndagala."

Akamweleza jinsi babu yake mtoto alivyovua. Huvui wakati wa mwezi mkubwa; unangoja giza. Mnatoka mitumbwi miwili, mitatu, na taa za karabai zinavuma, mnakaa juu ya maji meusi mpaka samaki wenyewe waje kwenye mwanga, maelfu, wanameremeta kama vipande vya kioo, halafu mnainua wavu. Mtoto aliuliza kama samaki wanajua kwamba taa si mwezi. Baba alifikiri kidogo akasema hajui, babu hakumwambia. Nilikuwa nazijua taa zile. Kutoka kilimani Ujiji ziliunda mji mwingine juu ya ziwa, na bibi alikuwa ananionyesha, kule ni kwao Wakongo, wanavua kama sisi. Niliandika: Saa 4:12 hadi 4:40 mzazi alimweleza mtoto jinsi babu yake alivyovua samaki usiku. Mtoto aliuliza maswali 9. Na safari hii niliyaandika maswali yote tisa.

Ziliendelea hivyo wiki hadi wiki. Mtoto alianza kumfundisha baba maneno ya shuleni, naye akamfundisha majina ya upepo wa ziwani. Siku moja walinyamaza nusu saa nzima wakipaka rangi picha moja, viwiko vikigusana, na nikahangaika jinsi ya kuuandika ukimya ule usifanane na ule wa kwanza. Mwishowe niliandika nani alimpa nani rangi gani, mara ngapi, na kwamba mtoto alikuwa akiimba kwa pua iliyofungwa.

Mama aliacha kuja na macho mazito. Hatukuzungumza tena habari ya fisi, ila asubuhi moja ya baridi aliniambia, akifunga zipu ya koti la mtoto, "Siku hizi anafunikwa."

Niliiacha kazi hiyo kabla kesi yao haijafika mwisho, kwa sababu za nyumbani kwangu. Madogo mengine nimeyabadilisha hapa ili wasitambulike. Nilimkabidhi baba na binti kwa mwangalizi mpya, kijana aliyekulia Bujumbura, nikakaa naye Jumamosi moja amwone mtoto na mtoto amzoee. Alikuwa na daftari jipya. Aliniuliza aanze vipi. Nikamwambia aandike saa. Kisha nikachungulia begani mwake:

Saa 3:41. Mzazi amefika. Ana mfuko mmoja wa karatasi. Ameomba ndagala zipashwe moto.